Diski ya Kasi na Wasifu wa Dakika Kumi

Makambako, Jumapili mchana

Lusungu,

Sikuulizi hali yako kwa sababu nakusikia. Uko chumba cha pili, unafungua begi na kulifunga, na kila ukipita ukumbini unapita umenuna. Leo ni siku ya tatu hatusemeshani. Kesho asubuhi unapanda basi kwenda chuo Morogoro, na mimi niliyewachapia barua watu wa wilaya nzima nimeshindwa kukuambia neno moja kwa mdomo. Basi nakuandikia, na naandika kwa kalamu, maana kwenye kompyuta ningefuta nusu yake.

Mambo ya sweta, dawa za malaria na wezi wa stendi sitayagusa. Una miaka ishirini na moja. Kama mpaka leo hujui kuficha nauli, barua haitakusaidia.

Tuanze na hiyo diski yako, kwa sababu ndiyo iliyotugombanisha. Ulikwenda kwenye lile duka la karibu na njia panda, ukakutana na muuzaji anayevaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Akakwambia laptopu yako ina diski ya mizunguko elfu tano na mia nne kwa dakika, na kwamba yeye anayo ya elfu saba na mia mbili. Ukarudi nyumbani unaitaja namba hiyo kama mtu aliyeokoka jana. Wakati wa kula, elfu saba na mia mbili. Wakati wa kuosha vyombo, elfu saba na mia mbili. Nikakuuliza mizunguko ya nini, ukasema, "Mama, ni spidi." Spidi ya kwenda wapi, hukusema.

Mimi nimeshinda mbele ya mashine tangu hujazaliwa, kwanza taipureta, halafu hizi. Nikupe maelezo yasiyo na miwani ya jua. Ukiweka diski ile, kompyuta itawaka mapema kidogo. Muda utakaookoa hapo unatosha kumenya kiazi kimoja, labda viwili kama ni vidogo. Ukifungua faili kubwa, au ukihamisha mapicha yako na wenzako wa kwaya, utaona tofauti, sikatai. Lakini ukishafungua karatasi yako ya insha ukaanza kuandika, diski haina la kufanya. Inakusubiri wewe. Na wewe, mwanangu, unachapa kwa vidole vinne, na kidole cha tano unashikia kidevu. Hakuna diski ya duniani itakayoharakisha hapo.

Halafu hiyo mashine yako ina memori kiduchu. Ndiyo maana unasikia diski inakwaruza kila ukifungua vitu viwili kwa pamoja. Vitu vikikosa nafasi kwenye memori, vinapelekwa kwenye diski na kurudishwa. Ukitaka iache kukokota miguu, ongeza memori kwanza. Ni rahisi kuweka, na hakuna haja ya kuhamisha kitu chochote. Yule wa miwani hakukwambia kwa sababu memori hana dukani. Wala hakukwambia kwamba diski inayozunguka zaidi huwa inapata moto zaidi na mara nyingi inakula betri zaidi, na huko hosteli umeme utakuwa unakatika kama unavyokatika hapa. Utafurahia kuwasha haraka, halafu utazimikiwa ukiwa katikati ya sentensi.

Hilo duka lisikushangaze. Tangu soko lilipofunguliwa hapa kwetu, sijaona kitu kinachouzwa bila kusifiwa kwamba ni cha haraka. Kiingereza cha miezi mitatu. Dawa ya minyoo ya kumeza mara moja. Mabasi yanayofika mapema, na yale yasiyofika kabisa. Watu wa Makambako walikuwa wanangoja lori la mbolea wiki nzima wakicheza bao, na hakuna aliyekufa. Siku hizi mtu akingoja fotokopi dakika mbili anasonya.

Sasa haya yote ningeweza kukuambia Alhamisi jioni, ungenuna kidogo, ungelala, yangekwisha. Sikusema hata moja. Nilisema kwamba diski za kasi zinachanganya mambo, na nikakukumbusha jinsi diski yangu ilivyochanganya wasifu wa Shangazi Eda siku ya mazishi yake. Ukacheka. Ukasema, "Mama, diski haichanganyi majina. Mtu ndiye anayechanganya." Mimi nikakwambia ukifika huko kwa wenye akili ubaki huko huko, usirudi kunifundisha kazi. Nikakwambia pia utafute mtu mwingine wa kukusindikiza, kwamba mimi Jumatatu nina mitihani ya darasa la saba ya kuchapa.

Mitihani ipo, sikudanganya hapo. Nilikudanganya kwingine, tena kwa miaka sita.

Shangazi Eda ulimfahamu ukiwa mdogo, ulimwita Bibi, lakini hukuwahi kuambiwa vizuri alikuwa nani kwangu. Mama yangu alifariki siku niliyozaliwa, huko Ipelele. Baba alikuwa Mufindi kwenye mashamba ya chai, akaoa huko huko. Aliyenichukua ni dada yake, ambaye miaka miwili kabla ya hapo alikuwa amerudishwa nyumbani na mume kwa sababu hakupata mtoto. Alininywesha maziwa ya ng'ombe kwa kijiko. Nilipokuwa na kikohozi alilala ameketi ili nilale kifuani. Pareto aliyochuma kwa mikono iliyopasuka kwa baridi ndiyo iliyonipeleka sekondari na chuo cha uhazili. Na pamoja na hayo yote, Ipelele nzima ilimwita mwanamke asiye na mtoto. Walimwita hivyo mbele yangu, mimi nikiwa nimeshika sketi yake. Kwenye ngoma, kwenye ubatizo, kwenye kugawana nyama, palikuwa na sehemu za akina mama, na yeye aliwekwa pembeni na wasichana. Nilimwita Shangazi kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa. Hakuna aliyenikataza kumwita Mama. Sikujaribu tu.

Nilipopunguzwa kazi Njombe, shirika letu lilipofungwa na sisi wapiga chapa tukatolewa siku moja, nilihamia hapa Makambako nikafungua steshenari na taipureta moja. Unakumbuka benchi la nje. Wafiwa walikuwa wanakuja kuchapisha wasifu wa marehemu, nawaketisha pale, nawauliza. Alizaliwa wapi, alilelewa na nani, alisoma na nani, alipenda nini. Niliuliza sana kwa sababu kwenye taipureta kosa moja ni ukurasa mzima unarudia, na mimi ni mvivu wa kurudia. Kumbe uvivu ule ulikuwa unanifanya mtu mwenye adabu. Wafiwa waliondoka wamelia, wamecheka, na karatasi mkononi yenye habari za mtu wao.

Kisha nikanunua ile laptopu ya mtumba, nzito kama tofali. Nikagundua kwamba sina haja ya kuandika upya. Marehemu wote walizaliwa, walibatizwa, walioa au waliolewa, waliugua, wakaacha watu. Nikaweka faili moja nikaliita MAREHEMU, kila akija mpya nafuta jina la wa jana naweka la leo. Nilijiona mjanja kupita wapiga chapa wote wa barabara ya Songea.

Ila mashine ilikuwa inakokota. Hapo ndipo alipotokea Fundi Shabani, yule Mtanga aliyekuwa anatengeneza redio mkabala na msikiti. Akaisikiliza laptopu yangu kwa sikio, kama daktari. "Dada, diski yako hii imechoka. Elfu nne na mia mbili, nani anatumia siku hizi? Mimi nitakutilia ya elfu tano na mia nne, ukiiwasha inawaka hujaketi bado." Akanitilia. Na sikiliza vizuri, kwa sababu huyu mtu nimemsema vibaya miaka sita: diski yake ilikuwa nzima, kazi yake ilikuwa safi, na alinihamishia kila kitu bila kupoteza herufi. Ilikuwa na kasi kweli. Kilichoharibika ni kichwa cha mwenye mashine.

Maana nilivimba kichwa. Nikaandikisha kibao: TUNACHAPA WASIFU WA MAREHEMU, DAKIKA KUMI TU. Wewe ulikuwa unakisoma kwa sauti ukitoka shule, na mimi nilikuwa nafurahi. Lile benchi nikaliondoa, nikaweka friji la soda. Mfiwa akifika namuuliza jina, mwaka, kijiji, basi. Anamaliza soda yake na karatasi iko tayari. Watu walinisifu. Mtu aliyefiwa na mama yake asubuhi ile ananisifu kwamba nina haraka, na mimi nashukuru. Ukitaka kujua upumbavu unavyofanana na maendeleo, ungekuja ukaniona mwezi ule.

Shangazi alifariki siku ya Jumatano, nyumbani kwake, usingizini. Simu ilipigwa asubuhi iliyofuata. Mazishi kesho yake, na Baba mdogo Yohana akasema, "Wewe ndiye mwenye kompyuta, njoo na wasifu." Nilikuwa na kadi za harusi za watu, na shule moja ilikuwa inasubiri karatasi zake. Nikajiambia wasifu ni dakika kumi. Nikachapa kadi. Nikachapa karatasi za shule. Gari la kwenda Njombe lilipokuwa linapiga honi ndipo nikafungua lile faili. Ndani alikuwemo mzee mmoja wa Wanging'ombe, wa juzi yake. Nikafuta jina lake nikaandika Eda. Nikabadili kijiji, mwaka, nikabadili "alioa" kuwa "aliolewa". Nikatoa nakala arobaini. Nilitumia dakika saba, na nakumbuka nilijipongeza.

Njiani sikusoma. Tulikwama kwenye tope kabla ya kufika Makete, tulisukuma gari, tuliketi saa mbili tukingoja trekta, na karatasi arobaini zilikuwa mapajani mwangu ndani ya mfuko wa plastiki. Saa mbili, Lusungu. Nilikuwa na muda wa kuusoma mara hamsini. Nililala.

Haya mpaka hapa umekwisha kusikia, ila kwa sura nyingine. Nilikusimulia kwamba kompyuta ilichanganya mafaili. Wewe ulikuwa na miaka kumi na mitano, ulibaki hapa na baba yako kwa sababu ya mtihani, na baba yako mwenyewe mpaka leo, akiwa safarini na lori lake, anawasimulia madereva wenzake jinsi diski ya Mtanga ilivyomwaibisha mke wake. Shabani alikuja hapa dukani kuniuliza, "Dada, ni kweli diski yangu imekuharibia?" Nikamjibu ndiyo. Akataka kuifungua aangalie, nikamkatalia. Baada ya muda wateja walipungua kwake, akahamia Tunduma.

Sasa sikia kilichotokea.

Baba mdogo Yohana alisimama kando ya jeneza na karatasi yangu. Alikuwa jirani ya Shangazi miaka arobaini, ukuta kwa ukuta. Akasoma kwa sauti ya kanisani: "Marehemu ameacha watoto watano na wajukuu kumi na wanne." Hakusita hata kidogo. Kwa kuwa imechapwa na mashine ya mjini, basi aliamini karatasi kuliko macho yake mwenyewe. Watu ndio walioguna. Mwanamke mmoja nyuma akauliza kwa Kikinga, watoto wapi, na mwingine akamnyamazisha huku bega linamcheza kwa kicheko. Maisha yake yote walimwita asiye na mtoto, na siku ya kumzika mimi nikawapa sababu ya kumcheka tena.

Hilo ni kosa la kuchapa. Ningekuwa nimeishia hapo, ningekuwa nimekwisha kukwambia zamani, tungecheka na kulia yakaisha. La kwangu ni linalofuata.

Ratiba ilikuwa nyuma ya karatasi ile ile, nayo ya mzee wa Wanging'ombe. Msema chochote, yule mwongoza shughuli, akaisoma kama ilivyo: "Sasa tunawaomba watoto wa marehemu wajitokeze kuweka shada la maua." Unajua inavyokuwa. Wanaitwa watoto kwanza, halafu wajukuu, halafu wengine wote. Akangoja. Manyunyu yalikuwa yanaanguka, turubai linadondosha maji. Hakutoka mtu. Akarudia, "Watoto wa marehemu." Watu wakaanza kugeuza shingo, kila mmoja anamtazama mwenzake.

Mimi nilikuwa nyuma ya turubai, karibu na masufuria ya chakula. Nilikuwa nimejibanza huko tangu waliposema watoto watano. Kutoka pale mpaka kaburini ni hatua kama ishirini. Nilikuwa na miguu miwili mizima. Mtu aliyelishwa kwa kijiko na mwanamke yule alikuwa ni mmoja tu duniani, na ndiye alikuwa anaitwa, kwa kipaza sauti, mara mbili. Kosa langu lenyewe lilikuwa limenifungulia njia. Ningetoka, nikalichukua shada, nikasema mimi hapa, Ipelele nzima ingefunga mdomo, na Shangazi angekwenda kaburini ana mtoto.

Sikutoka. Niliogopa wangesema, huyo ndiye aliyechapa. Nilikuwa nafikiria kibao changu cha dakika kumi, Lusungu, na watu wa Makambako watasikia nini. Msema chochote akakohoa, akasema tuendelee. Shada aliliweka mwenyekiti wa kitongoji, mtu ambaye siku moja alimnyima Shangazi mbolea ya ruzuku kwa maneno kwamba hana familia. Mimi nikainama nikajifanya nakoroga maharage.

Diski haichanganyi majina. Ulisema kweli siku ya Alhamisi, na ulisema bila kujua unamwambia nani. Ndiyo maana nilikutukana. Mtu aliyejificha nyuma ya mashine miaka sita, ukiiondoa ile mashine kwa sentensi moja, lazima apige kelele.

Baba yako akirudi nitamwambia. Shabani nitamtafuta Tunduma, nimekwisha kumuuliza dereva mmoja. Sijui atanipokeaje, na akinifukuza atakuwa na haki.

Kuhusu diski, mashine ni yako. Maoni yangu umeyasoma: memori kwanza, diski baadaye kama bado una hamu, na nakala za kazi zako ziwe mahali pengine kabla hujamruhusu fundi yeyote kushika bisibisi. Ukiamua kununua ile ya elfu saba na mia mbili kwa ajili ya raha tu, nunua. Raha si dhambi. Mimi ningeendelea kuidharau, lakini hiyo ni tabia yangu, usiifanye mzigo wako. Ninachokuomba ni kimoja. Siku kazi yako ikiharibika mikononi mwako, usimtafute Shabani wa kumbebesha. Nimeishi hivyo miaka sita, na ni maisha ya kijinga.

Mitihani ya darasa la saba nimeshamwambia mwalimu aje Jumanne. Amekasirika, anasema wana haraka. Kesho nakuja stendi. Najua hutaki, umekwisha kupanga kwenda na rafiki zako, na huenda ukageuza uso ukiniona. Geuza. Nitavuka kundi lote la abiria na wapiga debe nije mpaka ulipo, na kondakta akiuliza nani mwenyeji wa huyu binti, nitamjibu kwa sauti kwamba mimi ndiye mama yake.

Mama